Shabaha ya Jirani

J. K. Milner alikuwa ametulia, bunduki begani, jicho kwenye tundu la kulengea. Akafyatua. Risasi ikakata mamia ya yadi za hewa, ikagonga bamba la chuma pale katikati kabisa, kwenye kitovu. Shida ilikuwa moja tu. Hilo bamba halikuwa lake. Lilikuwa la jirani.

Hiyo ilikuwa Jumamosi, Septemba 26, 1874, katika uwanja wa Creedmoor, Long Island, jimbo la New York. Milner alikuwa mmoja wa wanaume sita waliovuka bahari kutoka Ayalandi kuja kushindana na Wamarekani sita. Kitovu kilikuwa na pointi nne. Lakini kwa sheria, ukipiga shabaha ya mwenzako unaandikiwa sufuri, hata risasi yako iwe tamu vipi. Hiyo sufuri iweke kando kwanza. Tutairudia.

Wengi wetu tumejifunza kulenga mbali kwenye gemu za simu. Unazumu, unaweka msalaba kwa kichwa cha adui, unabonyeza, mtu chini. Hakuna upepo. Mapigo ya moyo hayatikisi chochote. Bunduki ya kweli wengi wetu tumeiona tu ikining'inia kwa bega la askari nje ya benki. Mimi mwenyewe niliingia kwenye historia hii nikidhani ni stori ya bunduki. Kumbe zaidi ni stori ya watu wazima wanaojifunza kitu kuanzia sufuri, huku nchi nzima ikiwatazama.

Turudi nyuma kidogo. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani viliisha mwaka wa 1865, na baadhi ya maafisa walirudi nyumbani na aibu fulani. Waliona wanajeshi wakipewa bunduki nzuri wasijue kuzitumia: mtu anafyatua kuelekea upande wa moshi na kuomba Mungu. Mmoja wa walioudhika alikuwa George Wingate, wakili wa New York aliyepigana vitani. Mwaka wa 1871, yeye na mhariri William Conant Church walikuwa mstari wa mbele kuanzisha chama cha kitaifa cha bunduki, ile NRA ambayo leo inajulikana zaidi kwa siasa. Wakati huo kazi yake ilikuwa moja: kufundisha watu kulenga. Jimbo likatoa dola 25,000, likanunuliwa shamba la familia ya Creed, na mwaka wa 1873 uwanja ukafunguliwa.

Wingate aliandika kitabu cha mafunzo, na ndani yake kuna zoezi ninalolipenda kuliko yote. Halihitaji risasi wala baruti. Unawasha mshumaa, unasimama mbele yake na bunduki tupu, mdomo wa mtutu ukiwa karibu na mwali. Unaweka fataki peke yake, ile kofia ndogo ya kuwasha baruti. Unalenga mwali, unafyatua. Kama umelenga sawa na mkono haukutikisika, pumzi inayotoka mtutuni inazima mshumaa. Ukikosa, mshumaa unaendelea kuwaka ukikutazama. Hebu fikiria karani wa New York, jioni baada ya kazi, sebuleni kwake, anapigana na mshumaa. Zoezi hili lilitoka kwa Waingereza, waliokuwa na shule ya kulenga huko Hythe tangu 1853.

Kwa nini mshumaa? Manake kosa kubwa la mwanafunzi halitokani na jicho, linatokana na kidole. Anajua bunduki itapiga kelele na kumsukuma begani, kwa hivyo mwili unajikaza kabla. Kidole kinadonoa triga badala ya kuivuta polepole, mtutu unahama unywele mmoja, na huko mbali kosa hilo dogo linakuwa kubwa. Dawa yake ni kurudia mpaka mwili uchoke kuogopa. Unatoa pumzi nusu, unaizuia kidogo, unabana kidole taratibu mpaka mlio wenyewe ukushtue. Ukishafyatua, usiinue kichwa kutazama. Uzito wa bunduki unaubeba kwa mifupa na ardhi. Misuli ikibeba itachoka na kutetemeka, mifupa haitetemeki.

Basi mwisho wa 1873 likaja tangazo kwenye gazeti la New York Herald. Waayalandi walikuwa wametoka kushinda Ngao ya Elcho huko Wimbledon, wakiwapiku Waingereza na Waskoti, na sasa nahodha wao, Arthur Leech, alikuwa anatafuta Wamarekani wa kushindana naye kwa yadi 800, 900 na 1,000. Yadi 1,000 ni mita 914. Klabu changa ya New York, ambayo Wingate alikuwa rais wake, ikajibu: sawa, tuko. Umbali huo ulikuwa mgeni kwao. Hata bunduki ya kuufikia hawakuwa nayo. Kampuni za Remington na Sharps zikaingia kazini, na kwa miezi michache zikaunda bunduki maalum za kupakia kwa nyuma. Lewis Hepburn, fundi wa Remington, alishiriki kuiunda silaha kisha akaingia mwenyewe kwenye timu.

Waayalandi walikuja na bunduki za Rigby za kupakia mdomoni, kama gobole, ila hizi zilikuwa zimechongwa kwa ustadi wa saa ya mfukoni. John Rigby mwenyewe, mtengenezaji, alikuwa kati ya wapigaji. Wataalamu wengi walishikilia kwamba bunduki ya kupakia nyuma ni ya jeshi, haiwezi kuwa makini. Miaka hiyohiyo majeshi ya Ulaya yalikuwa yanatupa silaha zao za kupakia mdomoni, na nyingi kati ya hizo zilizochakaa ziliishia Zanzibar na kwenye misafara ya bara. Kwa hivyo ubishi wa nyuma au mdomoni haukuwa wa wazungu wa michezo peke yao. Sisi tulipata mabaki yake.

Sasa, umbali wenyewe. Kwa baruti nyeusi ya wakati ule, risasi ilichukua karibu sekunde tatu kufika yadi 1,000. Hesabu moja, mbili, tatu. Muda wote huo dunia inaivuta chini, kwa hivyo huwezi kuielekeza moja kwa moja kwenye shabaha. Unairusha kwa juu, kama mtu anayerushia mwenzake funguo ng'ambo ya barabara. Katikati ya safari risasi huwa kama mita kumi juu ya mstari wa jicho, usawa wa gorofa ya tatu. Kitovu nacho kilikuwa mraba wa futi tatu, yaani sentimita 91 kila upande. Kulikuwa na sheria pia: bunduki isizidi ratili kumi, na hakuna darubini juu yake.

Kwa hivyo kilengeo cha nyuma kilikuwa na skrubu ya kukipandisha kidogokidogo, kwa dakika. Siyo dakika za saa. Nyuzi moja ya pembe ukiigawa mara sitini unapata dakika moja, na dakika hiyo kwa yadi 100 ni kama sentimita mbili na nusu hivi. Kwa yadi 1,000 inakuwa karibu sentimita 27. Mpigaji mzuri alikuwa na daftari: leo joto hivi, upepo hivi, nilipandisha dakika kadhaa, risasi ikaenda kushoto. Bila daftari, kila asubuhi unaanza upya.

Halafu kuna upepo, ambao ndio mtihani wenyewe. Upepo wa kilomita 16 kwa saa, ule wa kupeperusha leso tu, ukivuma kutoka kando ulitosha kuihamisha risasi mita mbili hata tatu. Bendera zinasaidia, ila bendera ya karibu inaweza kulala huku ya mbali inacheza. Wajuzi husoma pia mazigazi, yale mawimbi ya joto unayoyaona juu ya lami ya Thika Road saa nane mchana. Yakitiririka kulia, upepo unaenda kulia. Yakichemka wima, ama upepo umekufa, ama unavuma sawasawa na mstari wako, na hapo ndipo wengi hudanganyika.

Siku yenyewe maelfu ya watu walifika, wengi kwa treni. Kila mtu alikuwa na risasi 15 kwa kila umbali. Henry Fulton, Mmarekani, alilala chali, miguu ikielekea shabaha na mtutu ukiegemea miguu yake. Ukimwona ungedhani anaota jua. Alipata pointi 171 kati ya 180, na hakuna aliyemfikia siku hiyo.

Kwa yadi 800 Marekani ikaongoza, 326 kwa 317. Kisha wakala chakula cha mchana pamoja, kiungwana kabisa. Kwa yadi 900 wageni wakawa mbele, 312 kwa 310. Kwa yadi 1,000 wageni wakazidi kupunguza pengo, na walipomaliza risasi yao ya mwisho jumla yao ilikuwa 931. Marekani ilikuwa na 930, na imebakiwa na mtu mmoja, risasi moja.

Mtu huyo alikuwa John Bodine, kanali, ambaye wenzake walimwona kama nguzo. Muda mfupi kabla ya hapo, chupa ya soda ya tangawizi ilikuwa imepasuka mkononi mwake na kumkata. Damu ilikuwa inatoka. Akafunga kitambaa na kulala chini.

Watu huwa wanaikuza hii sehemu kama sinema, na siwalaumu. Lakini mimi naona jambo jingine. Mkono uliokatwa unauma, na maumivu ni kelele nyingine mwilini, kama hofu ya mlio. Miezi yote ile ya mazoezi ilikuwa ya kufundisha mwili kupuuza kelele. Bodine hakuhitaji kitovu. Kugonga chuma popote kulikuwa na pointi mbili angalau, na 932 ingetosha. Kukosa ndiko kulikokatazwa. Alichukua muda wake. Akafyatua.

Sekunde tatu za risasi. Karibu tatu nyingine za mlio wa chuma kurudi masikioni. Halafu subira ya kungoja mpiga alama atoke shimoni, ainue diski ya kuonyesha risasi ilipotua. Diski ikasimama juu ya kitovu. 934 kwa 931.

Sasa rudisha ile sufuri ya Milner. Ongeza pointi nne kwa 931.

Unapata 935. Sijui kama kuna mtu aliyemwambia hesabu hiyo usiku huo. Hakuwa mpigaji mbaya hata kidogo. Alifanya mambo yote magumu kwa usahihi, umbali, upepo, pumzi, kidole, akasahau kuhesabu mabamba kutoka pembeni.

Mwaka uliofuata Wamarekani walienda Dollymount, karibu na Dublin, wakashinda tena, safari hii bila chupa wala ubishi. Mwaka wa 1876 kukaanzishwa shindano la Palma, ambalo bado linapigwa leo kwa umbali uleule wa yadi 800, 900 na 1,000. Creedmoor yenyewe iligeuzwa kuwa hospitali ya wagonjwa wa akili, na iko hapo Queens mpaka sasa. Jina lake limebaki kwenye risasi iliyotoka mwaka wa 2007, 6.5 Creedmoor, inayopendwa sana na wapigaji wa mbali.

Katika viwanja vya siku hizi, kila shabaha ina namba kubwa juu au chini yake, inayosomeka hata kwa macho matupu. Mwanafunzi hufundishwa kuisoma kabla ya kugusa triga, kisha kuisoma tena. Risasi ya kwa jirani bado huandikwa sufuri.