VX au V8: Umri wa gari la kifahari mkoani Mara

Katika Makumbusho ya Taifa jijini Dar es Salaam limehifadhiwa gari la Rolls-Royce lililotumiwa kwanza na serikali ya kikoloni ya Waingereza, kisha na Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama. Taifa changa lilirithi gari la kifahari lililokwisha kutumika, likaendelea nalo. Leo mfanyabiashara wa Musoma au Bunda anayetafuta gari kubwa naye huchagua kati ya magari yaliyokwisha kutumiwa na wengine. Lipo Land Cruiser VX, toleo la 100 lililoingia sokoni mwaka 1998, na ipo V8, toleo la 200 lililolifuata mwaka 2007. Yote mawili ni mtumba, na mtaani yote huitwa shangingi. Wengi huanza kwa kuuliza lipi ni jipya zaidi. Nasema swali hilo lingesubiri. Historia ya mkoa huu inaonyesha kwamba gari huuawa na kukosa spea na fundi mapema kuliko linavyouawa na miaka, na kwa kipimo hicho VX iliyotunzwa ndiyo inayowafaa wanunuzi wengi wa Mara.

Historia hiyo inaanzia kwenye siasa. Azimio la Arusha la Februari 1967 liliwakataza viongozi kuwa na hisa katika makampuni, kupokea mishahara miwili na kupangisha nyumba. Halikutaja gari. Hata hivyo gari ndilo lililoonekana barabarani, na jina la Wabenzi likawaganda wakubwa waliopanda Mercedes-Benz. Lakini kilichoamua gari gani lidumu hakikuwa siasa peke yake. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, mpaka na Kenya ulifungwa Februari 1977, haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Kwa Dodoma au Mbeya hiyo ilikuwa habari ya redioni. Kwa Musoma ilikuwa kukatwa mkono, maana Kisumu na Nairobi ziko karibu kuliko Dar es Salaam, iliyo mbali zaidi ya kilomita 1,300 kwa barabara. Katikati ya miaka hiyo ikaja Vita vya Kagera, fedha za kigeni zikakauka. Peugeot 504 iliyokosa kifaa kimoja ilipandishwa juu ya mawe hata kama bodi lake lilikuwa zuri na injini nzima. Land Rover kuukuu, ambayo fundi aliweza kuichomelea na kuichongea bushi, iliendelea kutembea. Somo la miaka hiyo halikuandikwa kitabuni, lakini linafahamika katika kila gereji: thamani ya gari ni urahisi wa kulirudisha barabarani.

Mambo yalibadilika kwa bajeti ya 1984, pale Waziri wa Fedha Cleopa Msuya aliporuhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni bila kuulizwa zimetoka wapi. Azimio la Zanzibar la 1991 likalegeza masharti ya uongozi, na kiongozi hakulazimika tena kuficha alichonacho. Japani, ambako usukani uko kulia kama kwetu na ukaguzi wa lazima huwafanya wenye magari kuyauza mapema, ikawa chemchemi ya mtumba. Mengine yalipitia Dubai. Mkoani Mara Land Cruiser ilishaanza kutawala kupitia serikali, miradi ya wahisani, hifadhi ya Serengeti na, tangu 2002, mgodi wa North Mara. Hapa ndipo penye ushahidi mzito. Injini ya dizeli ya 1HZ, lita 4.2, silinda sita, ilifungwa katika Land Cruiser iitwayo Mkonga, katika toleo la 80 na katika 105, ndugu wa VX asiye na mapambo mengi. Fundi aliyejifunza injini moja akawa amejifunza kundi zima la magari, na muuza spea hakuogopa kuweka stoo kifaa ambacho kina wateja wengi. VX ya dizeli ina turbo na pampu inayoongozwa kwa umeme, kwa hiyo si sahili kama 1HZ, lakini bado ni silinda sita za lita 4.2 za ukoo uleule. V8 ya dizeli ina turbo mbili na nozeli nane za mgandamizo mkubwa zisizovumilia dizeli chafu wala maji ndani ya tangi. Nozeli zikiharibika, kusikiliza mlio hakutoshi. Kunahitajika kompyuta ya kupimia na mtu anayejua kuisoma.

Dalali atapinga kwa kuonyesha namba. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 namba zetu huanza na T, tarakimu tatu, kisha herufi tatu zinazosonga kwa mfuatano, na soko zima limejizoesha kusema gari ni namba B, namba D au namba E. Herufi hizo hueleza lini gari liliandikishwa nchini, basi. VX ya 2001 iliyoshuka bandarini juzi ina namba E, na V8 ya 2009 iliyoletwa mapema ina namba C. Anayelipia herufi ananunua tarehe ya karatasi. Kodi nayo haimtetei dalali. Kenya huzuia gari la mtumba lililozidi miaka minane. Tanzania haikufunga mlango, iliweka ushuru wa uchakavu: asilimia 15 kwa gari dogo la miaka minane hadi kumi, asilimia 30 kwa lililozidi kumi. VX zote zimevuka kumi, na V8 za miaka ya mwanzo nazo zimevuka, kwa hiyo kwa anayeagiza leo zinalipa kiwango kilekile. Kwa lililokwisha kuandikishwa nchini, ushuru huo, kama ulilihusu, ulishalipwa.

Pingamizi zito kuliko yote ni usalama, na hapo nakubali: V8 ilijengwa baadaye, mifumo yake ya kumlinda abiria imeendelea zaidi, na anayesafiri usiku kwenda Mwanza na familia ana haki ya kuutanguliza uhai wao. Wengine husema lami kutoka Sirari hadi Bunda imeondoa haja ya gari gumu. Lami imesaidia barabara kuu, lakini mashamba, minada ya ng'ombe na machimbo ya Buhemba yako nje yake. Kuhusu mafuta, tofauti haitokani na umri. V8 za petroli za mwanzo zilikuja na injini ya lita 4.7 iliyokuwa tayari ndani ya VX, na yote mawili yanakunywa. Anayetaka petroli basi hachagui kati ya injini ya zamani na mpya, anachagua bodi.

Kwa hiyo hukumu yangu ina mipaka. VX iliyobingirika ikanyooshwa haina faida yoyote juu ya V8 safi, na mwenye fundi wa uhakika Mwanza pamoja na akiba ya matengenezo anaweza kuchukua V8 kwa amani. Wengine wote, chukueni VX ya dizeli. Kabla ya kulipa, omba kadi ya gari usome mwaka wa kutengenezwa badala ya herufi za namba, linganisha namba ya chesisi na iliyo kwenye kadi, kisha mpe fundi wako mwenyewe, si wa dalali, nusu siku akiwa chini ya gari.