Kibali cha kubadilisha nyumba Mombasa bara

KATIKA mitaa kadhaa ya Likoni, Kisauni na Changamwe, mtu huweza kumiliki nyumba bila kumiliki ardhi iliyo chini yake. Mwenye nyumba wa aina hiyo hulipa kodi ya ardhi, na akitaka kubomoa ukuta wa udongo ili ajenge wa mawe, au kuongeza ghorofa, hana budi kupata kwanza ridhaa ya mwenye ardhi. Akikaidi, huenda akatimuliwa na kupoteza gharama yote.

Hata hivyo, ridhaa hiyo pekee haitoshi. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 humtaka aombe kibali cha ujenzi kwa serikali ya kaunti. Asipojibiwa kwa maandishi katika muda wa siku 60, kibali huhesabiwa kuwa kimetolewa. Akikataliwa, ana siku 14 za kukata rufaa kwa kamati maalumu ya kaunti. Anayejenga bila kibali huweza kutozwa faini isiyozidi Sh500,000, kufungwa kwa muda usiozidi miezi miwili, au vyote viwili.

Wamiliki wa fleti zilizosajiliwa chini ya sheria ya 2020 hufungwa pia na kanuni za shirika lao, linalosimamia mali ya pamoja. Ni busara kila ridhaa iandikwe kabla ya fundi kuanza kazi.