Wenye Kuongoza Michezo ya Watoto: Maneno Ni ya Nani?

Watoto wakicheza mchezo wa kuigiza uwanjani, macho ya watu wote huwaelekea wao. Mama humtafuta mtoto wake, baba hucheka, wazee hutikisa vichwa. Ni wachache wamtazamao mtu yule aliyesimama kando, ambaye midomo yake yafuata kila neno la watoto. Huyo ndiye aliyewakusanya, akawapanga, akawavumilia siku nyingi. Katika Kivu mara nyingi watoto humwita yaya, maana yake ndugu yao mkubwa, ijapokuwa hawakuzaliwa tumbo moja. Leo twataka kueleza habari za watu hao: walitoka wapi, walifanya kazi namna gani, na ni jambo gani liwapasalo kuangalia sana katika mji wetu wa Goma.

Nasi twaweka swali moja mbele ya wasomaji. Maneno yatokayo kinywani mwa mtoto anayeigiza ni ya nani? Ni yake mwenyewe, au ni ya mkubwa aliyemtia maneno hayo? Tukiichunguza historia ya michezo hii, twaona kwamba mambo yote yalizunguka swali hilo.

Kiongozi wa kwanza alikuwa bibi kizee. Jioni, karibu na moto, alisimulia habari za sungura na fisi, na watoto hawakunyamaza kama watu walio msibani. Waliitikia wimbo wa hadithi, waliiga sauti za wanyama, wakaulizwa: “Je, ungekuwa wewe, ungefanyaje?” Bibi hakuwa na kitabu. Hadithi ilikuwa ya wote, na mtoto mwenye akili aliweza kuiongezea kidogo bila kukemewa.

Halafu zikaja shule za misioni. Mapadre Weupe walijenga misioni katika nchi za Kivu tangu mwanzo wa karne ya 20, na baada yao shule zikaenea. Hapo kiongozi akawa mwalimu au katekista. Wakati wa Noeli aliwapanga wachungaji na malaika. Wakati wa Kwaresima alipanga Mateso ya Bwana wetu. Faida ilikuwa kubwa, wala hatuidharau. Mtoto mwoga alijifunza kusimama mbele ya watu mia mbili na kusema kwa sauti iliyo wazi. Alijifunza kungoja zamu yake. Lakini maneno yote yalikuwa yameandikwa, tena mengine yalitafsiriwa kutoka Ulaya, na kazi ya mtoto ilikuwa kuyakariri. Aliyesahau neno moja aliaibika. Kwa Injili yafaa iwe hivyo, maana maneno yale si ya kubadilishwa kwa kupenda kwetu. Kwa habari za maisha ya mtoto mwenyewe, haifai.

Mwaka 1952, huko Bukavu, Padri Georges Defour wa Mapadre Weupe alianzisha chama cha vijana kiitwacho Xaveri, kwa jina la Mtakatifu Fransisko Xaveri. Chama hiki kilienea Kivu, hata kikafika Rwanda na Burundi. Katika vyama vya namna hii jambo jipya lilitokea: kijana aliongoza vijana wenzake. Hakungojea Padri kwa kila kitu. Nyimbo, ngoma na michezo viliandaliwa katika kikundi, na kiongozi alikuwa mtu anayekaa mtaani pamoja na watoto wake. Hapo ndipo tuonapo mwanzo wa yaya wa leo.

Lakini siku njema hazikudumu. Chama cha MPR cha Rais Mobutu kilikuwa kimeanzishwa mwaka 1967. Mwaka 1971 jina la nchi likageuzwa kuwa Zaire. Na mwaka 1972 serikali ikapiga marufuku vyama vya vijana vya dini, ili vijana wote wawe chini ya JMPR, yaani vijana wa chama kimoja. Ikaja kazi iliyoitwa animasio. Shuleni na kazini watu waliimba na kucheza ngoma kumsifu kiongozi wa nchi. Watoto nao walipangwa kwa mistari, wakavikwa nguo za rangi moja, wakafundishwa sifa za chama. Kwa macho ilipendeza sana. Kulikuwa na viongozi hodari wa ngoma, wenye sauti nzuri na bidii nyingi. Walakini mtoto hakuulizwa neno. Alitumiwa kama ngoma inavyopigwa: sauti ni ya ngoma, lakini mkono ni wa mwingine. Mwezi wa Aprili mwaka 1990 utawala wa chama kimoja ukakoma, na nyimbo zile zikapotea upesi, kwa sababu hazikuwa na mizizi moyoni mwa waimbaji.

Je, hapakuwa na njia nyingine katika nchi yetu? Ilikuwapo. Huko Lubumbashi kundi la Mufwankolo liliigiza kwa Kiswahili cha mji, na watu wa Katanga waliwatazama katika televisheni kwa furaha nyingi. Kundi hilo lilikuwa la watu wazima, lakini namna yao ya kazi yawafaa hata waongozao watoto. Mwaka 1986 mtaalamu Johannes Fabian aliwauliza maana ya msemo mmoja usemao kwamba mamlaka huliwa mazima. Hawakumjibu kwa maelezo matupu. Waliketi wakajadiliana, kila mmoja akatoa mawazo yake, wakajaribu, wakakosoana, mpaka mchezo mzima ukazaliwa pasipo kitabu cha kukariri. Fabian aliandika habari hizo katika kitabu kilichotoka mwaka 1990.

Ndugu zetu wa Tanzania waliipeleka njia hiyo kwa vijana. Miaka ya 1982 na 1983 walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ndio Penina Mlama, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi, walikwenda kijiji cha Malya, upande wa Mwanza. Hawakufika na mchezo mfukoni. Kwanza waliuliza wenyeji juu ya taabu zao, na taabu moja kubwa ilikuwa wasichana kupata mimba kabla ya ndoa. Vijana wa kijiji wakaigiza jambo hilo kwa ngoma na maneno yao, kisha wazee na vijana wakajadiliana hadharani. Baadaye, mwaka 1996, Mlama na Lihamba walianzisha kazi iitwayo Tuseme katika shule za sekondari. Wasichana wenyewe hutafuta mambo yanayowazuia kusoma, huyachungua, huyatungia mchezo, halafu hudai yatengenezwe. Angalieni jina lenyewe. Haikuitwa “Tusemewe.”

Sasa turudi Goma. Mji huu umepigwa mara nyingi. Mwezi wa Julai 1994 mamia ya maelfu ya wakimbizi waliingia kutoka Rwanda, na kipindupindu kikaua watu wengi mno. Vita vya mwaka 1996 na 1998 vikafuata. Tarehe 17 Januari 2002 mlima Nyiragongo ulipasuka, lava ikapita katikati ya mji, ikateketeza masoko, nyumba, na hata kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu. Mwezi wa Novemba 2012 waasi wa M23 waliingia mjini. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ukawaka tena. Na mwisho wa Januari 2025 M23 waliuteka mji kwa mara ya pili, watu wengi wakafa, na kambi nyingi za wakimbizi waliozunguka mji zikabomolewa. Mtoto aliyezaliwa hapa mwaka 2012 ameona mambo ambayo wazee wa zamani hawakuyaona kwa miaka sabini.

Kati ya mambo hayo yote, watu hawakuacha kukusanya watoto. Petna Ndaliko Katondolo alianzisha Yole!Africa huko Kampala mwaka 2000, kisha kazi hiyo ikafunguliwa Goma, ambapo vijana hujifunza sinema, ngoma na sanaa nyingine. Wasalesiani wa Don Bosco pale Ngangi wamepokea maelfu ya watoto na jamaa zao nyakati za vita. Mwaka 2014 sikukuu ya Amani ilifanyika kwa mara ya kwanza, muziki na ngoma vikakusanya watu wa pande nyingi. Tena katika mitaa wako wengine wengi ambao majina yao hayamo katika magazeti: mwalimu, mwanafunzi wa chuo, mama wa kwaya. Wanafanyia mazoezi juu ya mawe meusi ya lava, ukumbi wao ni uwanja wa parokia au wa shule, na chukudu iliyolazwa chini yaweza kuwa mashua, kitanda cha mgonjwa au kiti cha mfalme. Mshahara wao mara nyingi ni asante tu.

Hapa ndipo penye hatari mpya. Siku hizi hakuna chama kimoja kinacholazimisha sifa, lakini wako wageni wenye msaada na ujumbe wao. Leo ujumbe ni kunawa mikono, kesho ni amani, kesho kutwa ni haki za mtoto. Ujumbe wenyewe ni mwema. Lakini kiongozi aliye maskini hushawishika kuwapa watoto maneno yanayompendeza mgeni. Mabaya zaidi, huweza kumsimamisha mtoto aliyeona baba yake akiuawa, amwambie aigize kifo kile mbele ya watu, ili watazamaji walie na kutoa. Hilo si mchezo tena, ni kuuza jeraha la mtoto. Njia imekuwa ile ile ya animasio, mwenye ngoma tu ndiye aliyebadilika.

Basi, twaona nini katika historia hii? Kwanza, kiongozi mwema huanza kwa kuuliza na kusikiliza, kama wale wa Malya, ndipo atunge pamoja na watoto. Pili, humpa mtoto kificho. Mtoto asiyeweza kusema “mimi” aweza kusema kwa kinywa cha sungura, wala asilazimishwe kusimulia asichotaka. Bibi zetu walijua jambo hili kabla ya vyuo vyote. Tatu, kiongozi hawaachi watoto baada ya kupigiwa makofi. Mtoto aliyefungua moyo siku ya Jumapili amhitaji yaya wake siku ya Jumatatu. Nne, mchezo ukitaja kosa la wakubwa, wakubwa wasikasirike, bali wajibu, maana mtoto aliyesema bila kusikilizwa hujifunza kwamba kusema hakuna faida, na wenye bunduki wangali wakitafuta vijana wa namna hiyo.

Wazee husema: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Tukimlea kuwa kinywa cha wengine, atakuwa hivyo hata akishika madaraka. Nanyi wazazi wa Goma, mtoto akirudi nyumbani kutoka mazoezini, msimwulize tu kama aliyakariri maneno yake vema. Mwulizeni ni nani aliyeyatunga. Akijibu, “Tuliyatunga sisi na yaya wetu,” basi mpelekeeni yaya huyo debe la maharagwe, au mwambieni asante, maana anafanya kazi yenu pamoja nanyi.