Udongo wa Ukambani Ndani ya Matumbawe ya Malindi

Kaskazi inapovuma, maji ya Malindi huwa ya kahawia. Mto Sabaki unaingia baharini kaskazini kidogo ya mji, na mkondo wa msimu huo hulisukuma tope lake kusini hadi kwenye miamba. Kusi ikishika, tope hugeuza njia. Mvuvi huliona likija na kuondoka, tumbawe hulihifadhi.

Matumbawe ya jamii ya Porites hukua kama sentimita moja kwa mwaka. Kipande chake kikipigwa eksirei huonyesha mistari, mzito na mwepesi, kila jozi mwaka mmoja. Uwiano wa isotopu za oksijeni iliyofungwa humo hufuata joto la maji. Mwaka 2000 Julia Cole na wenzake, akiwemo Nyawira Muthiga wa Kenya, walitangaza kumbukumbu ya miaka 194 kutoka Malindi: joto la bahari limepanda kwa hadi nyuzi 1.3 tangu mwanzo wa karne ya 19, huku likiyumba pamoja na El Niño ya Pasifiki ya mbali.

Mimi hunishika zaidi habari ya bariamu. Udongo wa mto ukikutana na chumvi huachia madini hayo, nayo huingia kwenye chokaa ya tumbawe mahali pa kalisi. Utafiti wa 2007 ulisoma hivyo miaka 300. Kuanzia 1700 hadi 1900 tope la Sabaki karibu halikubadilika. Baada ya hapo likapanda mfululizo, na kati ya 1974 na 1980 likafika mara tano hadi kumi ya kiwango cha asili.

Sabaki ndio Athi wa huko juu, unaokusanya maji ya Ukambani. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni iliuza kwa nguvu ng'ombe wa Wakamba, ikisema mifugo ndiyo inayoumaliza udongo. Muindi Mbingu, kiongozi wao, akaongoza watu hadi Nairobi kupinga. Udongo kweli ulikuwa ukienda. Ila tumbawe hupima tope tu, halisemi nani aliyewabana watu na ng'ombe kwenye ardhi finyu.

Udongo wa Masisi, mashariki mwa Kongo, nao una kisa kama hicho: kuanzia 1937 Wabelgiji walileta wahamiaji kutoka Rwanda, misitu ikafyekwa kwa mashamba na malisho. Udongo huo hushuka na mto Lowa, hupita Walikale, huingia Lualaba na kuelekea Atlantiki, mbali na matumbawe yoyote ya kuupokea. Atakayetaka kuusoma itabidi achimbe tope la maziwa ya Mokoto, huko huko Masisi.