McKinsey na Madaraka Mikoani

Hivi wadau mnajua kwamba Madaraka Mikoani ya mwaka 1972 yalisukwa kwa ushauri wa McKinsey, kampuni ya washauri wa uongozi kutoka Marekani? Ndiyo, miaka mitano tu baada ya Azimio la Arusha, nchi ya Ujamaa iliwakodi mabepari waipangie serikali yake!

Kazi ya washauri hawa tunaijua: wanakuja, wanahoji wakubwa, wanachora muundo mpya wa vyeo, wanakabidhi ripoti, wanaondoka. Muundo wa 1972 ulipeleka maofisa na mafungu ya fedha mikoani na wilayani, chini ya wakurugenzi wa maendeleo walioteuliwa. Kwenye karatasi ulipendeza. Tatizo ni kwamba halmashauri zilizochaguliwa na wananchi zilifutwa. Yaani madaraka yalitoka Dar es Salaam yakaishia mezani kwa ofisa; mwanakijiji hakuyaona.

Halmashauri za wilaya zilirudishwa 1984, na mwaka huohuo Mwalimu Nyerere mwenyewe alikiri kwamba kuzifuta lilikuwa kosa. Kosa akabaki nalo yeye, si washauri.

Kwa hiyo nikisikia ofisi ya umma imeleta washauri, nauliza moja tu: wanaohudumiwa na ofisi hiyo wamehojiwa? Nyie mnaonaje?