Kodi ya Kichwa

Babu yangu alikuwa akisema kwamba enzi za mkoloni alilipa kodi ya kichwa ili aishi kwenye ardhi yake mwenyewe. Nilidhani kodi hiyo ni yetu peke yetu, mpaka nilipokwenda kusoma Vancouver, katika jimbo la British Columbia. Huko Wachina nao walitozwa kwa kila kichwa, ila wao walilipia mlangoni.

Maelfu ya Wachina walipasua milima ya jimbo hilo ili reli ivuke Kanada. Reli ilikamilika mwaka 1885. Mwaka huohuo, serikali ikaanza kumtoza karibu kila Mchina aliyeingia dola 50. Mwaka 1900 zikawa 100. Mwaka 1903 zikafika 500, karibu ujira wa kibarua wa miaka miwili.

Kibarua gani angemudu kumlipia mke na watoto? Waume walitangulia, wake wakabaki kijijini, wengi wao Guangdong. Kisha tarehe 1 Julai 1923 mlango ukafungwa karibu kabisa, hadi 1947. Wanaume wakazeeka peke yao, na watu wakasema Wachina hawapendi kuleta familia.

Sensa ya 2021 ilihesabu watu zaidi ya milioni 5 jimboni, na zaidi ya 500,000 kati yao wana asili ya Kichina. Nikiitazama idadi hiyo, nawafikiria watoto ambao hawakuzaliwa. Hao hawana safu kwenye jedwali lolote.