Bassano, mji uliomkatalia Palladio daraja la mawe

Mwaka 1567 Mto Brenta ulifurika ukalizoa daraja la mbao la Bassano, mji ulio kaskazini-mashariki mwa Italia, pale milima ya Alpi inapokwisha na tambarare ya Veneto inapoanza. Wakuu wa mji wakamwendea Andrea Palladio, msanifu majengo mwenye jina kubwa kuliko wote katika eneo lile. Palladio akawachorea daraja la mawe lenye matao matatu, kwa mtindo wa Warumi wa kale. Wakalikataa. Walitaka la mbao, lifanane na lililosombwa.

Ni nadra mteja kubishana na fundi wa kiwango hicho na mteja akawa ndiye mwenye akili. Palladio alirudi kwenye michoro yake, na mwaka 1569 akawapa walichoomba. Safu nne za nguzo zilisimamishwa mtoni zikifuata mkondo, ili maji yapite bila kizuizi. Upande maji yanakotokea, kila safu iliwekewa boriti zilizolazwa mshazari, zipokee magogo ya mafuriko kabla hayajazigonga nguzo zenyewe. Juu kuna paa refu linalotembea ng'ambo hadi ng'ambo, kwa hiyo mvua inaponyesha watu huvuka bila kulowa, na wengine hawavuki kabisa, husimama katikati wakapiga soga. Palladio alilipenda vya kutosha kulichapisha katika vitabu vyake vinne vya usanifu, vilivyotoka mwaka 1570.

Kwa nini mbao? Jibu liko kwenye mto. Brenta unaanzia kwenye maziwa ya Caldonazzo na Levico, unateremka katika bonde jembamba la Valsugana, na unapofika Bassano bado una hasira za mlimani. Kwa karne nyingi ulikuwa barabara ya magogo. Miti iliyokatwa milimani ilifungwa vyelezo, ikaelekezwa tambarare na watu waliozaliwa katika kazi hiyo, hadi Venice. Na Venice, mji uliojengwa juu ya nguzo za miti na uliokuwa ukiunda meli mwaka baada ya mwaka, haukuwahi kutosheka na mbao. Bassano yenyewe ilikuwa chini ya Venice tangu 1404. Mji wa namna hiyo ulikuwa na maseremala wa kutosha na mbao mlangoni. Daraja la mawe likivunjika ni balaa la kizazi kizima. La mbao likivunjika, mafundi wanaitwa. Sidhani kama wakuu wale walikuwa wahafidhina tu, kama wanavyosimuliwa mara nyingi. Naona walipiga hesabu.

Na lilivunjika kweli. Mwaka 1748 mafuriko mengine yalilichukua. Safari hii aliyepewa kazi alikuwa Bartolomeo Ferracina, mtu wa kijiji cha Solagna, kilomita chache juu ya mto, asiye na elimu ya darasani ya maana lakini mwenye mikono ya ajabu. Huyu ndiye baadaye aliyetengeneza upya mtambo wa saa ya mnara katika uwanja wa San Marco, Venice. Ferracina hakujaribu kumzidi Palladio. Alilisimamisha daraja kwa sura ileile. Mwaka 1813 majeshi ya Kifaransa yaliyokuwa yakirudi nyuma yalilichoma moto, na mwaka 1821 likasimama tena, sura ileile.

Wafaransa walikuwa wanaujua mji huo. Septemba 1796 Napoleon aliwashinda hapo Waaustria wa Jenerali Wurmser, na baadaye akamtunuku waziri wake Maret cheo cha Duke wa Bassano. Kabla ya hayo yote kulikuwa na ukoo wa Ezzelino, mabwana wa eneo hilo katika karne ya 13, ambao mmoja wao, Ezzelino wa Tatu, alikuwa katili kiasi kwamba mshairi Dante alimweka Jehanamu, ndani ya mto wa damu inayochemka. Dada yake Cunizza, Dante huyohuyo alimpeleka Peponi.

Watu wa kawaida wa Bassano wanaonekana zaidi katika picha za Jacopo dal Ponte, mchoraji wa karne ya 16 ambaye jina la ukoo wake lilitokana na nyumba yao kuwa karibu na daraja. Aliishi Bassano karibu maisha yake yote, wakati wenzake walikimbilia Venice kutafuta wateja wakubwa. Alichora habari za Biblia, lakini macho yake yalikuwa kwa kondoo, mbwa, punda, sufuria na wanawake waliojikunyata wakifanya kazi. Picha zake nyingi nzuri zimo katika makumbusho ya mji, ndani ya iliyokuwa nyumba ya watawa ya Mtakatifu Fransisko. Kama una saa moja tu Bassano, toa nusu yake kwa Jacopo.

Nusu ya pili ipeleke Palazzo Sturm, kasri la karne ya 18 lililo juu ya mto, lenye kumbukumbu za familia ya Remondini. Hii ndiyo hadithi ya Bassano ninayoona haijasimuliwa vya kutosha. Katikati ya karne ya 17 Giovanni Antonio Remondini alihamia mjini na kuanza kuchapisha picha za watakatifu kwa bei ambayo mkulima angeimudu. Karne iliyofuata kiwanda cha ukoo huo kilikuwa miongoni mwa vikubwa kuliko vyote vya uchapaji Ulaya, kikiajiri watu wapatao 1,000 katika mji ambao haukuwa na bandari wala chuo kikuu. Walitoa picha za dini, ramani, michezo ya kuchezea mezani, karatasi za rangi za kupambia kuta na majalada. Hawakuona haya kunakili kazi za wachoraji wa miji mingine, na kesi hazikuisha.

Waliouza bidhaa hizo walikuwa machinga wa kweli. Walitoka Tesino, vijiji maskini vya mlimani ambako shamba halikutosha kulisha nyumba mwaka mzima. Walichukua mzigo wa picha kwa mkopo, baadhi wakiweka ardhi yao rehani, wakajitwika sanduku mgongoni na kuondoka kwa miguu. Walifika Ujerumani, Uholanzi, hata Urusi. Aliyefanikiwa alifungua duka katika mji mkubwa. Aliyeshindwa alirudi kukabili deni. Kiwanda kilifungwa mwaka 1861.

Biashara iliyodumu ni ya kinywaji. Mwaka 1779 Bortolo Nardini alinunua nyumba ya wageni iliyo mwanzo wa daraja, upande wa mashariki, akaanza kuuza grappa. Grappa inatengenezwa kwa makapi ya zabibu, yaani maganda, mbegu na vikonyo vinavyobaki baada ya divai kukamuliwa. Yanachemshwa, mvuke unapozwa, matone yanakingwa. Aliyewahi kuona gongo ikipikwa ataitambua kazi hiyo mara moja, ila hii ina leseni na chupa ya kupendeza. Duka la Nardini lipo palepale, na wateja hutoka na glasi zao wakanywea darajani.

Neno Grappa katika jina kamili la mji, Bassano del Grappa, hata hivyo, ni la mlima na la huzuni. Monte Grappa, unaoonekana ukiinua macho kutoka barabara nyingi za mji, ulikuwa uwanja wa vita mwaka 1917 na 1918, Waitaliano wakipambana na majeshi ya Austria na Hungaria. Kileleni kuna makaburi ya askari zaidi ya 22,000 wa pande zote mbili, wengi wao wasiojulikana majina. Mwaka 1928 mji ukaongezewa jina la mlima kwa heshima yao. Kijana mmoja wa Kimarekani aliyekuja kuendesha magari ya wagonjwa ya Msalaba Mwekundu mwaka 1918, Ernest Hemingway, anakumbukwa kwa makumbusho katika jumba la Ca' Erizzo, kando ya mto.

Vita vya Pili vya Dunia viliacha jeraha baya zaidi, kwa sababu liko ndani ya mji. Tarehe 26 Septemba 1944, baada ya msako wa Wajerumani na wafuasi wa Mussolini dhidi ya wapiganaji wa msituni huko Monte Grappa, vijana 31 walinyongwa kwenye miti ya barabara moja ya mji. Miti imepangwa kwa mstari, imepunguzwa matawi ikawa ya duara, na yenye historia hiyo imeandikwa jina la aliyefia hapo. Ni barabara ya matembezi ya jioni, yenye mandhari nzuri ya mlima. Inaitwa Viale dei Martiri, Barabara ya Mashahidi.

Februari 1945 wapiganaji wa msituni walilipua sehemu ya daraja, na mwishoni mwa Aprili Wajerumani waliokuwa wakikimbia walilimaliza. Walioongoza kazi ya kulirudisha ni Alpini, askari wa milimani wa Italia, na mwaka 1948 Waziri Mkuu Alcide De Gasperi akalifungua. Ndiyo maana wengi huliita Daraja la Alpini. Mwaka 2019 lilitangazwa kwa sheria kuwa kumbukumbu ya taifa, na mwaka 2021 ukarabati mkubwa, uliocheleweshwa na mabishano ya mikataba, ukakamilika. Mbao ni mpya. Mchoro ni ule wa 1569.

Treni kutoka Venice inafika Bassano kwa saa moja na kidogo, na kutoka stesheni unatembea. Daraja halina kiingilio na magari hayapiti. Ukiweza, nenda kati ya Aprili na Mei, msimu wa asparagasi nyeupe za Bassano, zinazokuzwa chini ya udongo zisione jua, zikafungwa vifungu kwa vijiti laini vya mti. Jina lake linalindwa na Umoja wa Ulaya tangu 2007. Huliwa na mayai ya kuchemsha yaliyopondwa kwa mafuta ya zeituni, siki, chumvi na pilipili manga, na mlo huo unashinda sahani nyingi ghali za Venice.